Kulabu za Mbele

Duka langu liko ngazi tatu chini ya barabara,
mjini Łódź, palipokuwa na viwanda vya nguo
na sasa yamebaki mabomba ya moshi yasiyo na moshi.
Wanaingia wakikung'uta theluji mabegani,
na swali la kwanza ni lile lile: ipi iliyo nzuri?
Nzuri kwa nini? nawauliza.
Vua koti kwanza.

Utepe wangu umefutika namba
kati ya sitini na tano na themanini,
huko ndiko wengi wetu tunakoishi.
Nauzungusha chini ya matiti, nakaza kidogo,
nasema pumua.
Wote huzuia pumzi
kana kwamba nawapiga picha.

Wewe Kinga, unayekimbia alfajiri kando ya reli,
huhitaji urembo, unahitaji ukuta.
Ruka. Ruka tena.
Usinitazame mimi, tazama kioo.
Kikitikisika kitu, tunarudi mwanzo.

Na wewe Dobrochna, mtoto wa wiki tano
anakulilia mlangoni ndani ya kigari,
waache waya. Titi la maziwa halina saizi moja:
asubuhi boga, adhuhuri limau.
Chukua hii, kikombe kinafunguka kwa mkono mmoja,
maana ule mwingine si wako tena.

Bibi harusi alikuja na gauni lililo wazi mabegani
na hofu usoni: bila kamba, itashikwa na nini?
Nikamwambia, kamba ni mashangazi wa harusi,
wanaonekana sana.
Anayepika yuko jikoni.
Ukanda ndio unaobeba, binti,
ukibana vizuri mbavuni unaweza kucheza mpaka kuche.

Mama yangu alivaa pana mgongoni, finyu kifuani,
miaka hamsini, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.
Siku tulipomwosha kwa mara ya mwisho
nilipitisha kidole kwenye mifereji ya mabega yake.
Ndiyo maana sioni haya
kumwambia mtu: hiyo si yako.

Kisha Jumanne moja akaingia mwanamume.
Mzee Ewaryst, dereva wa tramu mstaafu,
kofia mkononi, masikio mekundu kwa baridi
au kwa kitu kingine.
Wanaume wakija huchora saizi hewani.
Huyu hakuchora kitu.
Akasema: mke wangu Apolonia amepata kiharusi.
Mkono wa kulia haumsikii tena.

Sikuuliza namba.
Niliuliza analalia upande gani,
ngozi yake inachubuka wapi,
na nani humvisha.
Mimi, alisema, akaangalia viatu vyake.

Nikaleta ya pamba, laini, kamba pana,
kulabu tano, zote mbele.
Nikaivisha sanamu ya dukani,
nikasogea pembeni kama anayetafuta kitu.
Kulabu ya kwanza ikaingia tundu la tatu,
ya pili ikakosa tundu.
Vidole vilivyoendesha tramu vikatetemeka
juu ya kifua cha plastiki.

Miaka arobaini na minne, alisema,
nilijua kufungua tu.

Sikucheka mpaka alipocheka yeye.

Anza chini, nilimwambia, panda juu,
ya chini ikishika, nyingine zitafuata.
Tulirudia mara tisa.
Wateja wawili walingoja bila kununa,
mmoja akamshikia kofia.
Mara ya kumi alifunga zote huku amefumba macho,
kisha akazifungua, akafunga tena,
nadhani kwa furaha tu.

Nilipokuwa naikunja nyeupe kwenye karatasi
akanizuia mkono.
Nyeupe ni ya hospitali, akasema, atanigombeza.
Kwa nusu ya mdomo, lakini atanigombeza.
Hakuna ya zambarau?

Ilikuwepo. Moja.